Gari ya Kumuchukua Mama

Bunia, tarehe 6 mwezi wa sita 2010

Kwa leki yangu Vital, mudogo wangu, ku Mahagi-Port,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Siye huku tuko tu. Lucien bwana yangu anakohoa, watoto wanasoma, maharagi yangu ku soko inauzwa pole pole. Nakuandikia juu kwa telefone unanikatia kila mara nikitaja neno esansi, ile petroli, halafu unasema ni rezo imekatika. Haya, karatasi haina rezo, utanisoma mpaka mwisho. Katsuva, ule shofere wa lori ya samaki, amekubali kubeba barua zetu. Kwa hiyo usinune kama hii inakufikia ikinuka.

Tulikubaliana siye wawili: ng'ombe za Baba zenye zilibakia tuuze, tununue gari moja ya familia. Juu ya hiyo hatubishani. Weye utabebea samaki, mimi maharagi, na siku mambo ikiharibika tutaenda kumuchukua Mama ku Iga Barrière. Unajua Mama vile yuko. Tangu arudie ku shamba lake, hakuna mutu wa kumutoa. Anaishi pale peke yake, kando ya barabara, na vita ikirudi itapita pale kwanza. Gari ni ya Mama mbele ya kuwa ya samaki.

Na weye unataka ya mazuti, ile dizeli ya malori! Vital, ile asubuhi ya 2003 tulikimbia vita haukuwa tena mutoto, unakumbuka. Baridi, siye wote tumepanda, Baba ameshika volani ya ile gari yake ya mazuti. Amegeuza funguo nusu, tunangojea taa ndogo izimike ili moteri ipate joto. Alikuwa na desturi ya kusali Baba Yetu wakati wa kungojea, na kila siku taa ilikuwa inazimika kabla ya amina. Siku ile tulisali, tukarudilia, tukasali tena. Moteri ikakohoa kidogo, ikanyamaza. Tukatembea kwa miguu mpaka Bunia, Baba na kile kifua chake kigonjwa, na ku kambi ya wakimbizi hakumaliza mwezi. Tukamuzika nyuma ya kambi haraka haraka, ndani ya turubai. Mimi sitaki tena gari yenye kuomba nafasi ya kuota moto. Nataka ya esansi. Unagusa funguo, inawaka, unaenda.

Unijibu kwa karatasi, ni dada yako mukubwa anaomba.

Yaya yako,
Scholastique

*

Mahagi-Port, tarehe 15 mwezi wa sita 2010

Yaya Scholastique,

Barua imefika, na Katsuva amenigombeza juu uliandika lori yake inanuka. Sasa umejua kama anafungua bahasha. Tafuta gundi.

Yaya, nimechoka kubishana na weye lakini nitaeleza tena. Ile gari ya Baba haikukataa juu ya mazuti. Ilikataa juu zile buji, plagi za kupasha joto, zilikuwa zimeungua tangu Krismasi, betri ilikuwa muzee, na Baba kila siku alikuwa anasema atabadilisha kesho. Moteri ya esansi inaomba cheche: buji inapiga cheche, esansi inalipuka, gari inaenda. Ya mazuti haina cheche. Inabana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa moto mukali, halafu mazuti inarushwa ndani na inawaka. Ndiyo maana chuma yake ni nzito, na ndiyo maana inadumu. Inavuta muzigo kwa nguvu tangu chini. Huku kwetu, kutoka bandarini mpaka kupanda Mahagi, gari ya esansi ikibeba samaki inapanda ikilia, inakunywa kama mulevi siku ya mushahara, na katikati ya mulima imechemka. Tunashuka, tunaweka majiwe nyuma ya matairi, tunangojea. Samaki haingojei.

Tena umesahau jambo moja. Jirani yetu Bruno alikuwa na gari ya esansi, na yake iliwaka mara moja, si unakumbuka? Aliondoka na bibi yake na watoto kabla yetu. Mimi nilibakia nyuma kufungulia ng'ombe, nikapita ku daraja wenye bunduki wakiwa wameisha kwenda, na niliiona. Risasi ilitoboa tanki, esansi ikamwagika, moto ukashika. Hakuna mutu alitoka. Mazuti haishiki moto hivyo, hata ukitupia kiberiti. Tangu siku ile nikisikia harufu ya esansi nazungukia njia ingine. Nimekuambia mara hii moja, usinirudishe tena pale.

Amani imekuja, yaya. Tununue gari ya kazi, tuishi kama watu wengine.

Leki yako,
Vital

*

Bunia, tarehe 2 mwezi wa saba 2010

Vital,

Juu ya Bruno, pole. Sikujua kama uliona.

Lakini amani gani unaniambia? Njoo uione hapa Bunia. Wamotari na pikipiki zao kila kona, magari meupe ya mashirika yanapita na bendera zao, nyumba zinajengwa, kweli. Lakini jirani yangu Pétronille amejenga nyumba nzuri na milango hajaipaka rangi. Anasema atapaka akiona uchaguzi umepita salama. Mimi mwenyewe viatu vyangu vinalala chini ya kitanda, vidole vikielekea mulango. Lucien ananicheka, na vyake viko vile vile. Ile unaita amani, siye tunaita kupumuzika kidogo.

Sasa sikia. Marcellin, mudogo wa Lucien, amesafiri Kisangani na ameniachia gari yake ya esansi niijaribu. Vital, ni raha! Asubuhi nagusa funguo, mara imewaka, hata sijafunga mulango vizuri. Haitikisiki, haitoi ule moshi mweusi, haipigi kelele kama mashine ya kusaga. Naiegesha pua ikitazama barabarani, sawa vile kila mutu hapa anafanya tangu vita. Inakunywa, ndiyo, nakubali. Lakini esansi iko kila mahali, wanaiuzisha ku chupa pembeni ya njia kwa sababu ya wamotari. Mazuti mpaka uende ku pompe upange musururu nyuma ya malori.

Na kama inachemka ku mulima yenu, usiijaze kupita kipimo. Ni samaki, siyo wana wa Israeli unatoa Misri.

Scholastique

*

Mahagi-Port, tarehe 20 mwezi wa saba 2010

Yaya,

Nimesikia yote. Basi nitafikiri tena. Mimi bado natafuta tu, naangalia hii naangalia ile, hakuna kitu nimenunua. Usikuwe na wasiwasi.

Niambie tu jambo dogo: mulango wa parseli yako, ule wa kuingilia kiwanja, iko na upana gani? Na paa ya pale mbele, urefu yake? Nauliza tu.

Salamu kwa Lucien na kwa Mama ukimuona.

Vital

*

Bunia, tarehe 9 mwezi wa nane 2010

Kwa Vital,

Huku ni salama kabisa. Kulikuwa uvumi kidogo juma lililopita, umeisha wenyewe. Nilifika kwa Mama kumusalimia, yuko na nguvu, maharagi yake imebeba vizuri. Gari ya Marcellin inapumuzika kidogo kwa fundi, ni mambo ya kawaida.

Parseli yangu iko na mulango sawa parseli zote. Kwa nini unauliza?

Scholastique

*

Mahagi-Port, tarehe 17 mwezi wa nane 2010

Yaya yangu,

"Mambo ya kawaida." Katsuva amenieleza mambo ya kawaida. Alipita na lori njia ya Iga Barrière, akaona gari ya Marcellin pembeni ya njia, milango wazi, moshi mweupe, na hakuna mutu. Akafikiri umekufa, alishuka akatafuta ku majani akiita jina lako. Kufika Bunia ndipo alijua uko muzima. Na kwa fundi walimwambia ndani ya tanki walikuta mazuti.

Yaya. Mazuti katika gari ya esansi! Ile cheche haiwezi kuiwasha. Inaenda kidogo na esansi yenye ilikuwa imebakia, halafu buji zinajaa uchafu na inazimika. Ungekuwa na ya mazuti usingekwama pale. Na mimi nilikuwa hapa napima samaki, sijui kitu. Nani alikupa ile mazuti? Na kwa nini unanificha?

Usiku sikulala vizuri.

Vital

*

Bunia, tarehe 26 mwezi wa nane 2010

Vital,

Nilificha juu nilisikia aibu. Basi, sikia.

Nilikuwa ku soko. Tukasikia kishindo upande wa stesheni ya malori. Mutu mumoja akakimbia, halafu soko nzima. Mama mumoja aliacha mutoto wa jirani juu ya meza ya nyanya, akarudi kumuchukua akilia. Watu wanasema wamerudi, wamerudi, wako Iga Barrière. Kichwani mwangu nilikuwa na Mama tu. Nilifika nyumbani, nikagusa funguo, gari ikawaka saa ile ile, vile nilikuambia. Nikaangalia sindano ya esansi: karibu sifuri. Nikaenda kwa wauzaji wa chupa, kona ya kwanza, ya pili, mpaka ku njia kubwa. Meza zote tupu! Wamotari walikuwa wamechukua yote, na zile chupa za mwisho wauzaji wenyewe wamezibeba na kukimbia nazo. Ile nilikuwa najivunia, esansi iko kila mahali, siku ya woga haiko mahali popote.

Nikaenda kwa mwenye mashine ya kusaga. Alikuwa na bidoni ya mazuti. Nilijua, Vital. Mimi siyo mujinga, nilijua ile siyo mafuta ya ile gari. Lakini nilisema, mafuta ni mafuta, itanifikisha hata kwa kutambaa, na Mungu atanisaidia. Nikamimina. Ilienda, ikaanza kukohoa, ikafa ku mupando wa kilima, nusu ya njia. Sikujaribu hata kuisukuma. Niliiacha vile, nikatembea.

Nilimukuta Mama ameketi mbele ya nyumba anachambua maharagi. Akaniangalia miguu, akauliza kwa nini natembea na vumbi hivi sawa mutu amefukuzwa. Kumbe hakuna kitu! Ilikuwa tairi ya lori ilipasuka. Tairi, Vital. Nilikula ugali yake, nikalala kwake, sikuweza kumueleza. Nililia kwa ndani ya blanketi kama mutoto.

Na sasa zamu yako. Katsuva mudomo wake hauchagui upande. Ameniambia uko na gari ya mazuti nyuma ya nyumba yako, imefunikwa na turubai, tangu mwezi wa sita! Yaani siku unaniandikia mambo ya hewa kubanwa, ilikuwa imeisha kuingia kwako. Unaniuliza upana wa mulango! Umeuza ng'ombe za Baba, na haukuningojea. Nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika. Sitaipanda. Nimemuandikia Mama yeye mwenyewe achague, esansi ao mazuti, na atakayosema tutafanya, hata kama ni kuuzisha hiyo yako. Gari ni ya kumuokoa yeye.

Scholastique

*

Iga Barrière, tarehe 5 mwezi wa tisa 2010

Kwa watoto wangu Scholastique na Vital, barua moja kwa wote wawili, musomeane,

Anayeandika ni katekista Hubert, mimi nasema. Hubert anataka nianze na salamu. Haya, muko wazima? Mimi niko muzima.

Barua ya Scholastique imefika. Hubert aliisoma, nikamwambia arudilie, juu nilifikiri anakosea. Munaniuliza esansi ao mazuti, sawa mutu anauliza mugeni nyama ao samaki, na hamukuuliza kama nina njaa. Mimi sipandi. Muandike hiyo mahali mutaiona kila siku. Nilikimbia mara ya kwanza, nikarudia nikakuta wamekula mihogo yangu. Nikakimbia ya pili, wakatoa mabati. Ya tatu wakatoa na milango. Nimezeeka, magoti haya hayakimbii tena, na sitaki kufia ku kambi. Wakirudi watanikuta hapa, na wakiniacha nitapanda maharagi. Musinilaumu. Nawapenda, lakini sitoki.

Halafu munagombana juu ya ile gari ya baba yenu, miaka yote hii, sawa yeye aliuawa na moteri. Ninyi hamukuwa na akili ya kuangalia? Gari ya Bruno iliwaka mara moja. Ilifika wapi? Ku daraja walikuwa wanangojea magari. Siye wa miguu tulikatia chini, katika mutama, hakuna mutu alituona. Kama ile ya baba yenu ingewaka, leo Hubert angekuwa anaandikia nani? Baba yenu alijua. Ku kambi aliniambia, Emerance, nilikuwa natukana ile gari na kumbe ilikuwa inatulinda. Alikufa na kifua, ile kifua alikuwa nayo tangu mimi naolewa naye. Sikuwaambia juu nilifikiri munajua. Mutu mukubwa hawezi kueleza kila kitu.

Sasa nasema yangu. Scholastique, ulikuja kwangu na vumbi, ukakula, ukalala, ukanyamaza. Pétronille alipita hapa kununua maharagi, na yeye ameniambia. Mahali tulimuzika baba yenu, mwenye kiwanja amepiga vigingi. Anataka kujenga. Mwezi wa kumi wanachimba fondasio, musingi wa nyumba. Weye unaenda pale kila mwaka kufyeka, uliviona vile vigingi, na haukuniambia. Nilikasirika siku mbili. Hubert anasema tatu. Halafu nikajua ulikuwa unaogopa nitakufa na huzuni. Sikufa.

Siye wote tulirudia, Vital, Scholastique. Mimi nilirudia hapa, weye ulipata kazi ku ziwa, weye una nyumba na watoto ku Bunia. Yeye ndiye hajarudia. Yuko kule ndani ya turubai ya watu, ku kiwanja cha mutu, na nyumba yake iko hapa. Nimechagua mahali, kando ya mama yake, upande wa ng'ombe walikuwa wanalala. Nimepafyeka mwenyewe.

Kama muko na gari, gari yoyote, ikunywe mafuta yoyote, muniletee bwana yangu. Hiyo ndiyo kazi yake. Siyo kunitoa mimi.

Mama yenu,
Emerance

(Imeandikwa na Hubert, katekista. Mama ananikataza kuongeza kitu, lakini mukiuliza watu wa hapa, mazuti ni nzuri kupita.)

*

Bunia, tarehe 14 mwezi wa tisa 2010

Leki yangu Vital,

Barua ya Mama naiweka ndani ya hii, usome mwenyewe. Mimi nimeisoma mara nyingi. Ni kweli niliviona vigingi. Tangu mwezi wa nne. Kila siku nilikuwa nawaza namna ya kumutoa Mama kule, na Baba nilimuacha hapa karibu yangu, katikati ya vigingi, nikageuza uso.

Mwenye kiwanja amekubali. Chefu wa kartie, mukubwa wa mutaa, amekubali, amesaini. Padri atakuja. Lucien amenunua mbao, sanduku iko tayari, ndogo, fundi alisema haiombi kubwa. Nilimuomba asiniambie tena kwa nini.

Leta gari yako. Ya Marcellin bado iko kwa fundi, na Marcellin hanisalimu. Lakini hata ingekuwa nzima ningekuomba yako. Ile ya esansi inaruka, inakimbia, inataka kufika. Yako iko na nguvu ya kupanda na muzigo bila kukimbizwa. Hapo ulikuwa na haki, na usinikumbushe.

Mwambie Katsuva akuje naye. Mudomo wake ni mubaya lakini alinitafuta ku majani, na mikono yake ni ya kuchimba. Uoshe nyuma ya gari na sabuni, urudilie, Baba hakupendaka harufu ya samaki. Ufike siku ya ijumaa, mulango wa parseli ni pana, itaingia. Tutaondoka kesho yake, siku ya posho, asubuhi. Kama kuna baridi, tutangojea ipate joto, hata ikichukua nafasi yake yote.

Mama ametuma neno kwamba ku ule mupando tuende pole pole, tusimutikise. Nimemujibu asiogope. Safari hii hakuna mutu anatufukuza.

Yaya yako,
Scholastique